Shangazi, nimemlisha mtoto wa watu nyota?

Shangazi shikamoo,

Naandika hii usiku nikiwa kibandani, mlango nimeufunga nusu, umeme umerudi saa hii tu na usingizi sina. Mimi ni fundi simu hapa Mbale, mtaa wa Namakwekwe, miaka yangu 42, nina mke na watoto watatu, wa kwanza ni binti yuko S.2, yaani kidato cha pili, shule ya bweni huko Kampala. Hiyo ya binti naitaja mapema juu itarudi mbele.

Shida yangu si ya ndoa wala ya mirathi, ni ya nyota.

Ilianza zamani. Tarehe 14 Agosti 1992 ilikuwa Ijumaa, mimi mtoto wa miaka 9, saa tisa na kitu mchana tuko nje tunacheza, tukasikia mngurumo kama lori zito linapita juu ya mabati, halafu milio kama ya bunduki. Watu wazima wakalala chini wakidhani vita imerudi. Kumbe ni mawe kutoka huko juu, yalimwagika Mbale hapa na pale, wataalamu wakaja baadaye wakahesabu karibu sehemu 50 yalipoanguka, na kubwa lao lilizidi kilo 27. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kajiwe ka gramu 3.6, kalikuwa kamegonga kwanza majani ya mgomba kakapunguza mwendo, hakuumia. Mjomba wangu aliokota kipande akanipa nikishike, cheusi kwa nje na pale kilipovunjika ndani kijivu kama simenti. Kidogo tu, kinaenea kwenye kiganja. Nilishika kitu ambacho siku moja kabla hakikuwa cha dunia hii, na kuanzia hapo shangazi mimi sikupona.

Sasa mwaka wa saba huu, kuna mzungu alikuwa akifundisha hapa, alipokuwa anarudi kwao akaniuzia darubini ndogo, mdomo wake milimita 70, kwa bei ya simu mbili za mkono wa pili. Tangu hapo nikawa mtu wa kuonyesha watu mbingu, bure kabisa, hakuna aliyenituma. Umeme ukipotea mtaani ndio raha yangu, kunakuwa giza zuri, natoa darubini naweka kwenye kona karibu na wauza mahindi na watu wanapanga foleni. Nawaonyesha mashimo ya mwezi, nawaonyesha sayari ya Mushtarii (Jupiter) na miezi yake mikubwa 4 imejipanga kama ndege kwenye waya, Zohali ikiwepo nawaonyesha pete yake. Kuna bibi mmoja muuza mahindi siku ya kwanza kabla hajaweka jicho alijifuta mikono kwenye leso, akafuta tena, kama mtu anayeenda kumsalimia mkwe. Halafu akaangalia, akanyamaza muda mrefu, akasema tu "Kumbe ipo."

Walimu wakasikia, wakaanza kuniita shuleni, shule ya kwanza, ya pili, sasa hivi ni shule tano nazizungukia siku za Ijumaa mchana naacha kibanda kwa kijana wangu. Naongea nao juu ya roketi, watu 12 waliotembea mwezini, kile kituo cha anga kinachozunguka dunia kila dakika 90 hivi. Stori wanayoipenda zaidi ni ya Uhuru. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, satelaiti ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi hapo Kenya, ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksrei kutoka kwenye nyota, na kwa sababu siku hiyo Kenya inasherehekea uhuru ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Na aliyekuwa bosi wa mradi kule NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, ndiye aliyeipa hilo jina.

Nilipoitoa hiyo stori kwenye shule moja, binti mmoja wa P.7, darasa la mwisho la msingi, nimuite Zainabu ingawa sio jina lake, alisimama akaniuliza, "Mwalimu, na msichana wa hapa anaweza?" Mimi nikamjibu mbele ya darasa zima, "Wewe utaenda. Nakuambia utaenda, satelaiti ya Uganda inayofuata utaitengeneza wewe." Darasa likapiga makofi. Mimi mwenyewe nilirudi nyumbani napaa.

Basi Zainabu akawa mtu wa kibandani kwangu kila jioni ya darubini, ana miaka 14, akili kama wembe. Akamaliza P.7 akapita vizuri. Lakini mama yake anauza mukene, wale dagaa, sokoni, analea watoto wanne peke yake, pesa ya S.1 haikupatikana. Mama akahangaika akapata nafasi kwenye saluni, mtoto ajifunze kusuka, akalipa silingi 80,000 za kuanzia. Zainabu amekataa. Amekataa katakata, haendi saluni, hasaidii sokoni, anakaa nyumbani na daftari, akiambiwa anasema "Fundi alisema mimi nitafanya kazi ya satelaiti."

Wiki tatu zilizopita mama yake akaja kibandani. Nilikuwa na wateja. Akaweka daftari la mtoto kwenye kaunta juu ya simu zilizofunguliwa, juu ya daftari akaweka risiti ya saluni imekunjwa mara nne, mikono yake inanuka samaki, na hakupiga kelele, bora angepiga kelele. Akasema, "Baba, huo mwezi wako utalipa fizi ya shule?" Nikakosa la kusema. Halafu akasema, "Wako umempeleka bweni. Wangu unamlisha nyota." Akachukua risiti akaenda, daftari akaliacha.

Nimelifungua. Amechora viboksi vya satelaiti ukurasa baada ya ukurasa, na paneli za sola na antena, na pembeni ameandika maswali ya kuniuliza.

Tangu siku hiyo darubini sijaitoa. Watoto wanagonga mlango jioni wanauliza leo hakuna, nawaambia kuna mawingu, hata kama hakuna wingu. Rafiki zangu wanasema huyo mama ana wivu tu niendelee. Mwenyekiti wa mtaa anasema niache watoto wa watu. Mke wangu hasemi kitu na huo ukimya wake ndio unaniumiza. Shangazi niambie ukweli, nimekosa? Niache?

Fundi wa Namakwekwe


Fundi wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale kwenye "Kumbe ipo" nikaiweka chini nikaenda kusimama nje kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa Pakwach tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipopatwa, ilikuwa saa kumi na moja na nusu inakaribia, na lile giza kamili halikufika hata nusu dakika, lakini niliona wazee wameshikana mikono na watu wasiowajua. Kwa hiyo mimi si mtu wa kukuambia kwamba unachofanya ni upuuzi, wala huyo rafiki anayesema mama ana wivu usimsikilize, mwanamke mwenye watoto wanne na ndoo ya mukene hana muda wa kuonea wivu darubini.

Umeniuliza kama umekosa. Ndiyo mwanangu, umekosa, lakini kosa lako ni dogo kuliko unavyoliogopa na liko mahali pengine na unapolitafuta. Kumwonyesha Zainabu mbingu hukukosa. Ile stori ya Uhuru hukukosa, ni stori nzuri na ni ya kweli. Umekosa kwenye neno moja, "utaenda". Alikuuliza anaweza, wewe ukamjibu ataenda. Swali lake lilikuwa la kutaka kujua njia, jibu lako likawa ahadi, na ahadi hiyo hukuwa nayo mfukoni. Tena uliitoa mbele ya darasa, watu wakapiga makofi, mtoto wa miaka 14 anairudishaje kitu kama hicho? Sasa anakaa nyumbani anasubiri kitu ulichomwambia kinakuja, kama mtu aliyeambiwa asubiri basi kwenye stegi ambayo basi halipiti.

Na neno la huyo mama la bweni, naona umeliandika halafu ukalipita haraka haraka. Rudi hapo. Halikukuuma kwa sababu ni tusi, limekuuma kwa sababu ni kweli. Binti yako akiota usiku asubuhi kuna mtu ameshalipa daftari, godoro, sare na nauli, ndoto yake ina sakafu. Ukimwambia huyo "utaenda" hakuna hasara, asipoenda ataenda kwingine. Zainabu ukimwambia neno lilelile anaacha kitu kimoja tu alichokuwa nacho mkononi, ile saluni. Sisemi usimlipie mwanao, mlipie kabisa na Mungu akuzidishie. Nasema tu kabla hujamwambia mtoto wa mtu aruke, angalia anasimama juu ya nini.

Sasa tufanye nini.

Kwanza nenda kwa huyo mama. Usimwite kibandani, wewe ndiye uende, nyumbani kwake, siku ambayo si ya soko, na uende na mkeo. Unasema mkeo hasemi kitu, mimi nadhani anasubiri umuulize, basi muulize leo, na umwambie unataka mwende wote. Bebeni sukari na sabuni kama watu wanaokwenda kuona jirani. Darubini iache nyumbani, usiende kumshawishi. Mwambie, "Mama, nilimwambia mtoto wako neno kubwa bila kukuuliza wewe, nisamehe," halafu unyamaze, umwache aongee mpaka amalize hata kama ni saa nzima, usijitetee hata pale atakapokosea. Daftari umrudishie mkononi mwake yeye mama, na umwambie wewe kama fundi umeona nini ndani yake, kwamba michoro ina paneli na antena mahali pake na maswali yake ni ya mtu anayefikiri. Inawezekana hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia huyo mama kwamba mtoto wake ana akili bila kutaka pesa nyuma yake.

Halafu Zainabu. Huyo unatakiwa umrudishie swali lake ulijibu upya, safari hii kwa ukweli, mama yake akiwa amekaa hapo hapo. Na ukweli wenyewe mbona ni mzuri Fundi, sijui kwa nini ulikimbilia ahadi wakati ukweli ulikuwa nao. Uganda imeshatengenezewa satelaiti na Waganda watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derick Tebusweke, walikwenda kujifunza na kuitengeneza huko Japani, kwenye chuo cha teknolojia cha Kyushu. PearlAfricaSat-1. Ilirushwa kutoka Marekani tarehe 7 Novemba 2022 ikapelekwa kwanza kwenye kile kituo cha anga unachowasimulia watoto, na tarehe 2 Desemba ikaachiliwa kutoka hapo izunguke yenyewe. Na ukubwa wake, mchoree kwenye karatasi, ni boksi la sentimita 10 kila upande, linakaa kwenye viganja viwili. Hapo ndipo umwambie na urefu wa njia usimfiche. Hao watatu walikuwa mainjinia waliosoma chuo hapa nyumbani kabla ya kufika Japani. Ina maana S.1, S.2, hesabu, fizikia, S.4, S.6, chuo, na kila ngazi ina mtihani na fizi yake, na wengi wenye akili nzuri tu wanashuka katikati. Mwambie unaweza, na mwambie sijui kama utafika. Yote mawili kwa pumzi moja. Watoto wanabeba ukweli kuliko tunavyodhani, wanachoshindwa kubeba ni kugundua baadaye kwamba mtu mzima wanayemwamini aliongeza chumvi.

Kitu anachokosa Zainabu leo ni nafasi ya S.1, na hapo ndipo nakushangaa kidogo. Wewe umeingia shule tano bure miaka yote hii, walimu wakuu wanakujua kwa jina, hujawahi kuomba hata soda, na hujawahi kufikiria kutumia hiyo heshima? Nenda uwaulize, hao wanajuana na wakuu wa sekondari. Tangu 2007 kuna mpango wa serikali wa USE, elimu ya sekondari kwa wote, kuna shule ambazo fizi yenyewe serikali inalipa, mzazi anabaki na sare na vitabu na chakula na yale mambo mengine, ambayo kwa mama wa mukene bado ni mengi lakini si mlima ule alioona mwanzo. Nenda na mama, umtambulishe yeye ndiye mzazi, wewe ukae pembeni ni shahidi tu wa akili ya mtoto. Mwaka ukiwa umeshaenda sana, basi mkaulize wa mwakani na mjue kabisa kinatakiwa nini, ili mama aanze kuweka kidogo kidogo kitu ambacho anakijua bei yake.

Na saluni asiitupe. Hapa najua utakunja uso, na Zainabu atakunja zaidi, lakini risiti ya 80,000 ni mukene kiasi gani hiyo? Mama ameikunja mara nne kwa sababu ilimtoka damu. Mtoto aende saluni mpaka shule ipatikane, na shule ikipatikana asuke likizo apate pesa ya daftari. Kusuka hakuzuii mtu kujua fizikia.

Sasa nije kwenye kile ambacho nilitaka kukuambia tangu nilipoanza kusoma barua yako. Ile PearlAfricaSat ndani yake kuna nini? Bodi, betri, kamera, antena, paneli za sola, na waya zimechomelewa vizuri zisiachie roketi inapotikisika. Nitajie kimoja hapo ambacho hakijawahi kupita kwenye kaunta yako. Mama aliweka daftari la satelaiti juu ya simu zilizofunguliwa na nyinyi wote wawili hamkuona vimewekwa juu ya nini! Miaka yote umekuwa ukiwaonyesha watoto kitu kilicho mbali, na ni sawa, lakini kitu ambacho wangeweza kukishika uliwaacha wakipite mlangoni. Jumamosi mbili kwa mwezi, mama akikubali, mfundishe Zainabu na wenzake watatu wanne, wasichana na wavulana, kupima betri kwa mita, kujua chaji inaingia wapi na inakatikia wapi, kuchomelea waya bila kuunguza bodi. Mlango uwe wazi, mkeo awepo au apite pite, usimkalishe binti wa mtu peke yake kibandani jioni hata kama moyo wako ni msafi kama wa malaika, huko mtaani midomo haina kufuli. Mtoto akiweza kutengeneza chaji ya simu atarudi nyumbani na elfu mbili tatu mkononi, na mama ataona kwa macho kwamba hizo nyota zinajua njia ya sokoni. Na siku akikaa mbele ya mwalimu wa fizikia wa S.3 akiambiwa volti, yeye ameshaishika.

Kuna mtu nataka umjue, John Dobson, Mmarekani, alifariki 2014. Alikuwa mtawa wa dini ya Kihindu huko California, maisha ya ukimya na maombi, lakini akashikwa na kitu kilekile kilichokushika wewe. Akawa anatengeneza darubini mwenyewe, kioo anasugua kwa mkono kutoka vioo vya madirisha ya meli, bomba la kadibodi, anatoka usiku kuonyesha watoto wa jirani. Wakubwa wake wa utawani wakaona amepitiliza, mwaka 1967 wakamtoa, baada ya miaka zaidi ya 20 mle ndani. Hana kazi hana nyumba. Akaenda San Francisco, na mwaka uliofuata akaanza na vijana wachache kikundi cha kuweka darubini barabarani na kuwaita wapita njia, njoo uone mwezi, njoo uone Zohali, miaka na miaka, bure. Namleta hapa kwa mambo mawili. La kwanza, yule alikuwa anawaambia watu njoo uone, basi, hakuwaambia watakuwa nani. La pili, waliotaka zaidi aliwafundisha kutengeneza darubini kwa mikono yao wenyewe kutoka kwenye vitu rahisi, na mtindo wake wa stendi mpaka leo watu duniani wanautumia na unaitwa kwa jina lake. Wewe la kwanza ulilikosea kidogo na la pili bado hujalianza.

Jambo jingine dogo, Zainabu ana maswali pembeni ya daftari na wewe huna majibu ya yote, na haina shida. Kwenye intaneti kuna kazi za kujitolea za kweli ambazo wanasayansi wanaomba watu wa kawaida wawasaidie. Ule mradi wa Galaxy Zoo ulianza 2007, unaonyeshwa picha ya galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, unasema ina umbo gani, hakuna anayekuuliza cheti. Mwaka huohuo mwalimu wa shule huko Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona kwenye picha kitu cha ajabu ambacho wataalamu hawakuwa wamekiona, akauliza hiki ni nini, na mpaka leo kitu hicho kinaitwa kwa jina lake. Wewe ni fundi simu, hukosi simu nzuri kidogo na bando la jioni moja. Muweke afanye nusu saa, amalize, afunge. Atajua kazi ya sayansi inafananaje kwa siku ya kawaida, kwamba ni kuangalia na kuangalia na kuangalia, na hapo atajijua mwenyewe kama anaipenda au alipenda makofi.

Halafu tafadhali, hukusema lakini naomba niseme, watoto wakizoea darubini hakikisha mchana iko ndani imefungwa. Mtoto akiielekeza kwenye jua bila kichujio chake jicho linaungua sekunde hiyohiyo na halirudi.

Darubini usiache. Kuwaambia watoto kuna mawingu wakati hakuna, huo ni uongo wa pili juu ya ahadi ya kwanza, na hawa wa sasa hawakukukosea kitu. Itoe Ijumaa hii.

Na kwa mama Zainabu utarudi mara ya pili, mambo yakishapoa, mukene umeuzwa, shule mmeshaulizia. Hapo ndipo ubebe darubini. Usianze kwa kumfundisha, anza kwa kumuuliza. Bibi yangu mimi alikuwa mtu wa Tanga, hakujua kusoma, lakini Kilimia alikijua, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo, jina lenyewe linatoka kwenye kulima, na alikuwa akisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na shamba lake alilipanga hivyo. Muulize huyo mama kwao walikuwa wanaziita nyota nini, walikuwa wanaangalia ipi kabla ya kupanda mtama, mama yake alimwambia nini. Akishakujibu mwelekeze darubini hukohuko alikoonyesha yeye, na wa kwanza kuweka jicho awe yeye, Zainabu asubiri zamu.

Niandikie alisema nini.

Shangazi